Neema Itokayo Vinywani mwa Wakubwa

Nakuandikia wewe mama mwenye mtoto hodari wa kusema. Haya si ya kale wala si ya mbali. Ni ya mwaka ambao hata haujapoa. Nchi yetu siitaji jina, kwa sababu jina lake limebandikwa kwenye chupa, na lililo kwenye chupa halitamkwi na mtu asiye na kibali.

Ni nchi nzuri. Nalisema mapema asije mtu akadai sikulisema. Ina vilima, ina mvua haba, ina zabibu, na ina serikali inayopenda mvinyo kuliko sisi tunavyopenda watoto wetu. Wala siwalaumu. Mvinyo ukikaa unazidi thamani. Mtoto je? Utajionea.

Nchi nyingine zina rais. Sisi tuna Kaakaa Mkuu. Wataalamu walimfungua kinywa wakapima lile paa la ndani, wakakuta ni pana kuliko la raia yeyote aliyepatikana siku ile. Tukashangilia. Nani hapendi kutawaliwa na mtu mwenye nafasi kinywani?

Chini ya mji mkuu lilichimbwa ghala la chupa zake. Lilichimbwa likapita chini ya soko, likapita chini ya mahakama, likafika chini ya hospitali. Hapo ikaonekana kuna tatizo: wagonjwa walikuwa wanakohoa, na kikohozi kinatikisa chupa. Serikali haikukaa kimya. Ilihamisha wagonjwa. Majokofu ya chanjo nayo yakapandishwa cheo, yakaenda kutunza mvinyo mweupe, ambao hauvumilii joto kama watoto wanavyovumilia. Ngoma za harusi zikapigwa marufuku kila mahali penye chupa zilizolala. Maharusi wetu wakajifunza kucheza kwa kunyata, na mama wa bwana harusi anapiga kigelegele akiwa ameziba mdomo kwa kanga.

Mwaka mmoja chupa ikamponyoka mtumishi, ikavunjika. Ilikuwa na umri wa bibi yangu. Bendera zilishushwa, shule zikafungwa, wanafunzi wakapangwa barabarani walie. Waziri wa Mvinyo, Mheshimiwa Dokta Pembela, alisimama kaburini na leso.

"Marehemu," alisema, "alizaliwa mwaka wa ukame. Aliwekwa gizani, akakaa gizani maisha yake yote, wala hakulalamika hata siku moja. Raia, igeni mfano wa chupa!"

Siku hiyohiyo kijijini kwetu alifariki mzee Masinga, lakini wachimba kaburi wote walikuwa wamechukuliwa kwenda kuichimbia chupa. Tulimwomba asubiri. Mzee Masinga alikuwa mtu mwelewa. Akasubiri.

Basi, kijiji chetu ni Kilima Mbavu. Tunalima zabibu tangu kwa babu zetu, na mvinyo tunapika wenyewe kwenye mitungi. Tuna desturi yetu moja, na naomba uishike vizuri maana yote yanaegemea hapo.

Mtoto akisafiri, mzazi huchukua mvinyo wa nyumbani kwenye kikombe kidogo cha kahawa. Huutia wote kinywani. Nusu humpulizia mtoto usoni, tunaita umande. Nusu humeza. Nusu kwako, nusu kwangu, ndiyo maana yake. Na mtoto naye akirudi hupewa kikombe kilekile, huwapulizia waliobaki, na yeye humeza. Lakini mtu akipewa mvinyo na mwenzake akautema wote asimeze hata tone, huyo amekukana. Hahitaji kusema neno.

Kwa kuwa binadamu hugeuza maneno, wazee waliweka kipimo. Kilichotemwa hukingwa, kikarudishwa kwenye kikombe kilekile. Mate huongeza. Aliyetema yote hurudisha zaidi ya alichopewa. Kikipungua hata kidogo, basi alimeza, na ugomvi unazungumzika. Niliwahi kuona ndugu wawili waliogombea mpaka wa shamba. Mmoja akatema kwa hasira, pyuu! Tukarudisha kwenye kikombe, kikapungua. Watu wakaangua kicheko, "Umemeza wewe, koo lako limekusaliti!" Jioni walikula sahani moja.

Kikombe cha nyumbani kwangu kilikuwa cheupe, kina pengo ukingoni. Binti yangu Nyemo alikiangusha alipokuwa anajifunza kutembea. Tulikuwa tunajaza mpaka chini kidogo ya pengo. Ukizidisha, kinavuja.

Siku Kaakaa Mkuu alipotutembelea, tulifagia mpaka mawe. Alikaa kitini, akaletewa mvinyo wetu, akauzungusha kinywani macho yamefumba, kisha akautema kwenye beseni la fedha lililoshikwa na Dokta Pembela.

Sisi tulijua nini? Kwetu mkubwa akitoa mvinyo kinywani, anabariki. Wazee wetu wakakimbia mbio na mikongojo yao, wakainamisha vipara juu ya beseni. "Huku, baba! Na huku! Usitusahau wa nyuma!" Akinamama wakasukuma watoto mbele. Bi Senyagwa, jirani yangu ambaye hana adabu na mdomo wake, peke yake alibaki amekaa. Akaniambia, "Mama Nyemo, mbona hajameza nusu yake?"

Nikamjibu, "Pengine anameza baadaye."

Kaakaa Mkuu mwanzoni alishtuka. Halafu nikaona uso unafunguka taratibu, kama mtu aliyeota ndoto akaikuta nje ya mlango. Akamuuliza Waziri, "Wanayataka?"

"Wanayataka, Mheshimiwa."

"Yote haya tumekuwa tunayamwaga tu?"

"Uhaba wa utafiti, Mheshimiwa."

Mwenyewe akachovya kidole, akawa anatudondoshea mmoja mmoja na kutuuliza tunaonja nini. Wote tulisema zabibu. Tungesema nini kingine? Alipofika kwa Nyemo wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza shule, mtoto alilamba, akatazama juu, akasema, "Naonja uongozi bora, Mheshimiwa. Na kwa mbali, ndizi."

Dokta Pembela machozi yakamlenga. Siku hiyohiyo Nyemo akaandikishwa Chuo cha Ndimi za Taifa, ambako ndimi hufundishwa kuonja kwa niaba ya raia.

Bi Senyagwa alicheka mpaka akashika mbavu. "Mtoto wako kaonja uongozi! Uongozi wenyewe ukoje, mchachu?"

"Wivu utakuua, Senyagwa."

"Hauniui mimi. Mimi wangu hajui kusema."

Nikampulizia Nyemo umande mlangoni. Alinikumbatia uso wake umelowa mvinyo, akasema, "Mama, nikiwa Ulimi nitawasemea." Hayo nimeyasikia kwa masikio yangu. Nikameza nusu yangu. Ilikuwa tamu.

Baada ya hapo ikaja Sheria ya Neema. Ilisema kwamba mkulima wa zabibu hana mafunzo ya kunywa, na akinywa bila mafunzo anaudhalilisha mvinyo. Kwa hiyo mvinyo wetu wote uende mjini. Wakaja maafisa wa Idara ya Kunusa Midomo, vijana wapole kabisa, wanabisha hodi, wanakuambia "Shikamoo mama, sema haa." Badala yake, kila kijiji kikawa kinaletewa pipa la Neema, yaani kile kilichotemwa mezani kwa wakubwa.

Dokta Pembela mwenyewe alituzindulia pipa la kwanza.

"Ndugu wazalishaji! Wapo wanaouliza, kwa nini tupewe kilichotoka kinywani? Nawauliza na mimi: mtoto wa ndege analishwaje? Mvinyo uliopita kinywani mwa kiongozi si ule ulioingia. Umeingia haujui kitu. Umetoka umeelimika!"

Tukapiga makofi. Tulipewa kila nyumba kopo. Wengine walikunywa, na wakasema wanahisi wamesoma. Mimi niliwapa kuku. Kuku hawakutaka, lakini kuku nao hawana mafunzo.

Nyemo alirudi likizo na mlinzi. Mlinzi si wake, ni wa ulimi. Nyemo alikuwa amefungwa kitambaa cha hariri mdomoni ili upepo wa kijijini usiingie, na shingoni amevaa ukosi mgumu wa dhahabu kutoka kidevuni mpaka kifuani. Ndimi wote huuvaa, maana kumeza ni haki ya Kaakaa Mkuu peke yake, na koo la Ulimi haliruhusiwi kuonekana likicheza.

Nikasimama mlangoni na kikombe chetu. Nilikuwa nimebakiza mvinyo kidogo kwenye mtungi chini ya kuni, na kama Idara inasoma hapa, mtungi ulikwishavunjika.

Akasema, "Shikamoo, mzalishaji."

Nikafikiri nimesikia vibaya. "Marahaba mwanangu. Mimi mama."

"Ndiyo. Chuoni tunaambiwa tuzoee jina la kazi."

Nikamnyooshea kikombe. Alikitazama kama mtu anavyotazama kidonda cha mwenzake. "Mama, siwezi. Ulimi huu si wangu tena, ni wa wananchi."

"Mimi si mwananchi?"

Akamgeukia mlinzi. Mlinzi akafungua kitabu, akatafuta, akatikisa kichwa.

Nilikuwa nimempikia mlenda na ugali, chakula alichokuwa anakililia. Hakula. Chumvi inachubua, pilipili inaunguza, kitunguu kinakaa siku nyingi. Alikula mkate mkavu aliokuja nao, akasukutua kwa maji aliyokuja nayo, akatema kwenye beseni aliloletewa. Alilala kwenye kitanda chake cha utotoni na mlinzi akakaa kitini, amemmulika mdomo kwa tochi.

Nilijiambia anachoka. Nilijiambia masomo magumu. Mama huwa hana upungufu wa maneno ya kujiambia.

Sasa sikiliza lililotupata. Ghala la mjini lilijaa. Wataalamu wakatafuta mahali penye ubaridi na utulivu pa kupumzishia chupa zilizostaafu, wakaona Kilima Mbavu. Kilima chetu kitobolewe, mizabibu ing'olewe ili mizizi isikwaruze dari, na sisi tuhamie bondeni, ambako hakuna maji lakini kuna mandhari. Tangazo likasema kuna njia moja ya kujinusuru: sheria inalinda shamba linalotoa mvinyo wa kweli. Tulete mvinyo wetu kwenye Sikukuu ya Mtemo, Ulimi wa Taifa auonje mbele ya watu. Akisema ni mvinyo, kilima ni chetu. Akisema si mvinyo, basi tulikuwa tumekaa pale bila sababu.

Na Ulimi aliyepangwa siku hiyo ni nani? Nyemo.

Kijiji kizima kilikuja kwangu kucheka kwa furaha. Wazee walinibusu mikono. "Mwanetu yuko mezani! Alisema atatusemea!" Walinichagua mimi niupeleke mvinyo. Bi Senyagwa akasema atanisindikiza.

"Hutaki kucheka na wewe?" nikamuuliza njiani.

"Nitacheka tukirudi."

"Ni mtoto wangu, Senyagwa. Nimemzaa mimi."

"Kuzaa ulizaa wewe. Kulea wamelea wao."

Ukumbi ule sijui niusimulieje. Kuta ni za vizibo vya chupa tupu. Waheshimiwa wamekaa kwa miaka: si miaka yao, ya mvinyo wanaoruhusiwa kunywa, wa zamani zaidi mbele. Palikuwa na mheshimiwa mmoja anaosha miguu kwenye mvinyo mwekundu kwa ushauri wa daktari, na mwingine amemletea mbwa wake chupa ya mwaka aliozaliwa mbwa. Kila mlo ulikuwa unaletwa na kurudishwa haujaguswa, kwa kuwa chakula kilikuwa pale kunukia tu. Bi Senyagwa alizuiwa mlangoni. Pua yake ilionekana haina heshima.

Wazalishaji tuliitwa mmoja mmoja. Kila mtu humimina mwenyewe mbele ya Ulimi. Nilipofika mezani, nikatoa chupa yetu, na kikombe chetu chenye pengo. Mhudumu akaninyooshea bilauri ya kioo. Nikamwambia kwetu hatuoni kitu ndani ya kioo. Dokta Pembela akacheka, "Mwacheni, ni utamaduni." Wageni wakapiga picha.

Nyemo alikuwa amenenepa kidogo. Amevaa ukosi ule ule. Nikamimina taratibu, mpaka chini kidogo ya pengo, chupa ikabaki tupu. Nikainama kama ninafuta meza, nikamnong'oneza:

"Mwanangu, useme utakavyosema. Najua wanakusikia. Lakini meza tone moja. Moja tu. Midomo ikifunga nani ataona? Mimi tu nitajua."

Alikitazama kikombe, na kidole chake kikagusa pengo. Naapa kiligusa. Nikarudi nyuma.

Akautia wote kinywani. Akafumba macho. Akauzungusha kushoto, akauzungusha kulia. Nilitazama koo, nikaona dhahabu tu. Akautema kwenye kibeseni kitupu.

"Naonja vumbi," alisema kwa sauti nzuri ya chuo. "Naonja moshi wa mafiga. Naonja jasho la mwanamke mtu mzima, na kwa mbali, kanga iliyolowa. Mvinyo siuonji."

Ukumbi ukapiga makofi ya ndimi, ko-ko-ko-ko, ndiyo heshima ya pale. Kaakaa Mkuu akaonyesha kidole juu. Dokta Pembela akagonga muhuri kwenye hewa, kwa kuwa meza ilikuwa mbali.

"Mama," akaniambia kwa upole wa mtu aliyeshiba, "ujivunie. Ulimi usiopendelea hata kwao! Nchi hujengwa na watoto kama huyu."

Sikulia. Nilikuwa nina jambo langu. Sheria yao yenyewe inasema kilichokataliwa hakistahili kuwa Neema, hurudishwa kwa mwenyewe aondoke nacho. Mhudumu akanimiminia kile kibeseni chote kwenye chupa yangu, akakung'uta mpaka tone la mwisho. Nikamshukuru. Nilifunga kizibo kama nafunga dawa.

Bi Senyagwa alikuwa amekaa ukutani nje ya geti. Aliniangalia usoni. Nikakaa, nikatoa kikombe.

"Unataka kufanya nini?"

"Kupima."

"Mama Nyemo."

"Alisema vile kwa kuogopa. Wewe hukuwepo. Aligusa pengo. Mtoto hawezi kugusa pengo halafu..."

"Usimimine," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti yake haikuwa na meno. "Nakuomba mwenzangu. Tumwage hapa chini twende zetu. Hivi ulivyo, una shaka. Shaka ni kitu. Utaishi nayo. Ukimimina hutabaki na kitu."

Kabla sijakwambia nilichofanya, nimalize ya kilima ili usinidai. Mizabibu iling'olewa. Kilima kikatobolewa, na chupa zikaja kwa barabara mpya ya lami, sisi tukipita pembeni pekupeku zisisikie nyayo. Tunakaa bondeni, na mandhari kweli ipo. Nyemo alipandishwa, sasa ni Mlezi Mkuu wa Chupa Zilizostaafu, amehamia ndani ya kilima chetu kwenye nyumba yenye ubaridi. Wanaofagia huko wanasema kila jioni hupita kati ya mistari akiziimbia zilale. Niliuliza wimbo gani. Waliponiimbia, niliujua. Nilikuwa namwimbia mimi, wakati ana meno mawili.

Haya yote ningeweza kukaa nayo kimya, maana serikali ni serikali, na kilima hata mvua hukila. Kilichonifanya nishike kalamu ni kikombe. Wasimulizi wa kwetu wakimaliza huwaachia wasikilizaji utamu, wao wakajitwika uchungu. Mimi nakuachia uchungu, mama mwenzangu, uuweke mahali utakapouona. Wakija na beseni wakauliza nani ana mtoto hodari wa kusema, waambie wako ni bubu. Waambie anakula pilipili tangu amezaliwa. Mfiche chini ya kuni.

Pale getini nilimimina. Senyagwa aligeuza uso. Nilimimina polepole kuliko nilivyowahi kumimina kitu, nikisema moyoni, tone moja, tone moja tu, sihitaji zaidi. Kikapanda. Kikafika pale nilipokuwa nimejaza. Kwenye chupa kulikuwa bado kuna kitu. Nikamimina na hicho.

Kikafika kwenye pengo, kikaanza kuvuja, kikanilowesha vidole.